MASHINE KAIDI ILIVYOFUNZWA UTII

Askari huamka kwa sauti ya baragumu, lakini kambi yenyewe huamka kwa sauti ya pampu ya maji. Pampu ikinyamaza, jikoni hapapikwi uji, zahanati haina maji ya kuoshea vyombo vyake, na askari aliyetoka doria usiku kucha hapati hata kata moja ya kuondolea vumbi usoni. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika kila kambi ya jeshi, na katika kila kituo kikubwa cha polisi, yupo mtu mmoja asiyejulikana na wengi, ambaye siku akikosea hujulikana na wote. Mtu huyo ni fundi wa umeme.

Makala haya yanamhusu fundi huyo na mashine anayoitunza, yaani mota ya umeme ya aina ya induksheni, pamoja na elimu ambayo mataifa mengi yameichimbua kwa zaidi ya miaka mia moja ili kuifanya mashine hiyo itii amri. Yanahusu pia kosa moja ambalo mimi mwandishi nilikuwa na sehemu yangu ndani yake. Nalieleza hapa ili lisirudiwe na mwingine.

Asubuhi ya ukaguzi

Nilikuwa luteni mpya, miezi michache tu tangu nitoke chuo cha makadeti. Katika kambi niliyopangiwa, kisima kilikuwa na pampu iliyozungushwa na mota ya kilowati 15. Kwa miaka mingi mota ile iliwashwa kwa kianzishi cha zamani cha sta-delta. Hata hivyo, kila ilipowashwa kwa umeme wa jenereta, jenereta ilikoroma na taa za mabweni zikafifia. Kisha wakaja watu, wakakiondoa kianzishi kile, wakafunga ukutani kisanduku cha rangi ya kijivu chenye kioo kidogo cha tarakimu. Tukaambiwa kwamba kisanduku kile kinaitwa inveta, na kwamba kitapunguza gharama za umeme. Hatukuambiwa zaidi ya hayo, na wala hatukuuliza.

Baada ya muda mota iliungua, nayo ikabadilishwa kwa nyingine iliyokuwa stoo. Tangu siku hiyo kisanduku kikawa hakina raha. Kilizima chenyewe kila mota ilipotaka kuanza, kikawashwa tena, kikazima tena. Asubuhi ya ukaguzi wa mgeni mkubwa kilikataa kabisa. Nilimwendea koplo aliyekuwa fundi wetu, nikamwambia, “Haraka, koplo. Afande anataka maji kabla ya saa mbili.” Akanijibu, “Ndiyo, afande. Swichi kuu nimeshaizima.” Papo hapo akafungua kifuniko cha kisanduku na kuingiza bisibisi.

Kilichofuata kilikuwa mmweko mmoja na kishindo kama cha risasi. Koplo alirushwa nyuma, akaanguka mlangoni, mkono wake wa kulia umeungua. Namshukuru Mungu kwamba hakufa. Nilipoitazama swichi kuu niliikuta imezimwa kweli. Koplo hakuwa amesema uongo. Umeme uliompiga ulikuwa umejificha ndani ya kisanduku chenyewe, na hakuna yeyote kati yetu aliyejua kwamba ungeweza kujificha humo.

Niliagizwa kuandika ripoti. Nilikaa na kalamu mkononi nikaona kwamba sina la kuandika, kwa sababu sikufahamu chochote juu ya kitu kilichotaka kumuua mtu wangu. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mashine isiyoguswa na waya

Mota ya induksheni ina sehemu kuu mbili. Sehemu ya nje, ambayo haizunguki, huitwa stata. Ndani yake zimesukwa koili za waya wa shaba katika makundi matatu, kila kundi na fezi yake ya umeme. Fezi hizo tatu hazifiki kilele kwa wakati mmoja, bali hupokezana kama askari wanaohesabu namba katika safu. Kwa kupokezana huko, sumaku inayozaliwa ndani ya stata haitulii mahali pamoja. Inazunguka, ingawa hakuna kipande cha chuma kinachosogea. Huo ndio tunaouita uga wa sumaku unaozunguka.

Sehemu ya ndani, inayozunguka, huitwa rota. Hiyo ni kizimba cha fito za alumini au shaba zilizounganishwa kwa pete mbili mwishoni. Hakuna waya unaoingia ndani ya kizimba hicho kutoka nje. Uga wa sumaku unapopita mbele ya fito, huzusha umeme ndani yake, nao umeme huo husukumana na uga uliouzaa, na kizimba huanza kuzunguka.

Katika nchi zetu umeme hubadilika mara 50 kwa sekunde. Mota yenye ncha nne za sumaku huwa na uga unaozunguka mara 1,500 kwa dakika. Lakini rota haiwezi kamwe kuufikia mwendo huo kwa nguvu zake yenyewe. Ikiufikia, uga hautapita tena mbele ya fito, umeme hautazuka, na nguvu itakwisha. Kwa hiyo rota hubaki nyuma kidogo, labda mizunguko 1,450 kwa dakika inapobeba mzigo wake kamili. Tofauti hiyo tuiite mchelewo. Mchelewo huo ndio unaoizalia mota nguvu yake.

Heshima ya uvumbuzi huu hugawanywa baina ya watu kadhaa. Galileo Ferraris aliueleza uga unaozunguka mjini Torino, Italia, mwezi Machi 1888. Nikola Tesla alipewa hati zake za uvumbuzi nchini Marekani mwezi Mei mwaka huo huo. Mwaka 1889 Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyefanya kazi Ujerumani, akaunda mota ya fezi tatu yenye kizimba, ambayo sura yake haijabadilika sana hadi leo. Mwaka 1891 umeme wa fezi tatu ulisafirishwa kilomita 175 kutoka Lauffen hadi kwenye maonyesho ya Frankfurt. Moja ya kazi zilizoonyeshwa huko ilikuwa mota kubwa iliyopandisha maji ya maporomoko yaliyotengenezwa na watu. Kwa hiyo, tangu utoto wake, mota hii imekuwa mtumishi wa maji.

Kwa kuwa haina sehemu zinazosuguana isipokuwa beringi, mota hii huvumilia vumbi, joto na kazi ya mchana na usiku. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2011 kupitia Shirika la Kimataifa la Nishati yalionyesha kwamba mifumo inayoendeshwa na mota hutumia kati ya asilimia 43 na 46 ya umeme wote duniani. Sehemu kubwa ya mota hizo ni za aina hii.

Ukaidi wake

Mashine hii ni imara, lakini kwa muda mrefu ilikuwa kaidi. Mwendo wake ulifungwa na umeme wa gridi. Ukiiwasha moja kwa moja, huvuta ampea mara tano hadi saba ya zile za kazi yake ya kawaida. Mota ya kilowati 15, ambayo kwa volti 415 huhitaji ampea zipatazo 28, inaweza kuvuta ampea zaidi ya 160 wakati wa kuanza. Ndiyo maana jenereta yetu ilikoroma. Kianzishi cha sta-delta hupunguza mvuto huo hadi theluthi moja, lakini hupunguza nguvu ya kuzungusha kwa kiasi hicho hicho, na mota ikisha kuanza hakina tena amri juu yake.

Kwa sababu hiyo, mtu aliyehitaji kuongoza mwendo kwa makini, kwa mfano katika winchi au treni, alitumia mota ya mkondo mnyoofu. Mota hiyo ina njia mbili za umeme. Njia moja hutengeneza sumaku, na nyingine hutoa nguvu ya kuzungusha. Ni kama kikosi chenye redio mbili, moja ya amri za mapigano na nyingine ya ugavi; ukiongea katika moja huisumbui nyingine. Ubaya wake ni brashi za kaboni, ambazo kila dereva wa jeshi anazijua kutoka kwenye stata ya gari. Huchakaa, hutoa cheche, na hudai matengenezo kila mara.

Katika mota ya induksheni redio ni moja tu. Ampea zile zile zinazoingia kwenye stata ndizo zinazotengeneza sumaku, na ndizo zinazobeba nguvu ya kuzungusha. Ukiongeza moja, umeigusa na nyingine. Aidha, rota iliyo ndani ya kizimba chake haiguswi wala haionekani.

Wataalamu husema kwamba mashine hii haifuati mstari mnyoofu. Maana yake ni nini? Askari 30 wakila kilo 15 za unga kwa siku, askari 60 watakula kilo 30. Huo ni mstari mnyoofu. Mzigo ukiongezeka mara mbili, jibu nalo huongezeka mara mbili, na mtu yeyote wa stoo anaweza kupiga hesabu hiyo. Katika mota hii, nguvu ya kuzungusha hupatikana kwa kuzidisha sumaku kwa umeme. Ukiviongeza vyote viwili mara mbili, nguvu haiwi mara mbili bali mara nne. Tena mwendo nao huzidishana na sumaku na kuzusha volti za kupinga. Zaidi ya hapo, chuma kina kikomo cha kumeza sumaku kama nguo inavyokuwa na kikomo cha kunywa maji. Kikomo kikifikiwa, ampea huongezeka bure, na kinachopatikana zaidi ni joto.

Na joto lenyewe hubadilisha mashine. Shaba ikipata joto la nyuzi 100 zaidi, ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 40, na alumini haiko mbali na hapo. Basi mota uliyoijua asubuhi siyo mota utakayokuwa nayo saa nane mchana.

Kumwongoza anayekimbia

Hatua ya kwanza ilikuwa kupata njia ya kubadilisha kasi ya umeme wenyewe. Thairista zilipopatikana mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye transista zenye nguvu, iliwezekana kuukata umeme vipande vidogo na kuuunda upya kwa kasi yoyote inayotakiwa. Kisanduku cha kawaida hufuata kanuni nyepesi: volti na kasi vipande na kushuka pamoja. Volti 415 kwa mabadiliko 50 ni volti 8.3 kwa kila badiliko moja. Basi kwa mabadiliko 25 mota hupewa nusu ya volti. Kanuni hiyo yatosha kwa feni na kwa pampu nyingi. Lakini ni amri inayotolewa bila kumtazama anayeamriwa.

Mapinduzi yalikuja kutoka Ujerumani. Mwaka 1969 K. Hasse wa Darmstadt, na miaka ya 1971 na 1972 Felix Blaschke wa kampuni ya Siemens, walionyesha njia mpya. Msomaji afikirie lori linalokimbia barabarani. Aliyesimama pembeni humwona dereva akipita kama upepo. Lakini aliye katika lori jingine, linalokimbia sambamba na kwa mwendo ule ule, humwona dereva huyo ametulia, na anaweza hata kusoma cheo begani mwake. Blaschke alisema tuache kusimama pembeni. Tupande juu ya uga wa sumaku na tuzunguke nao. Hesabu za kubadilisha mahali pa kutazamia zilikuwa zimekwisha kuandaliwa na Robert Park mwaka 1929 na Edith Clarke mwaka 1943, wote wa Marekani.

Ukitazama kutoka hapo, ampea zilizokuwa zikipanda na kushuka mara 50 kwa sekunde huonekana zimetulia, tena zimegawanyika mafungu mawili yaliyo wazi. Fungu moja hufuata mwelekeo wa sumaku na kuitengeneza. Fungu la pili huukata mwelekeo huo kwa pembe mraba na kutoa nguvu ya kuzungusha. Redio moja imekuwa mbili. Mashine ngumu isiyo na brashi ikaanza kutii kama ile ya brashi. Kompyuta ndogo za miaka ya 1980 zilipoweza kufanya hesabu hizo kwa haraka ya kutosha, njia hiyo ilienea viwandani na kwenye reli. Treni za mwendo kasi za Japani, ambazo mwaka 1964 zilianza kwa mota za mkondo mnyoofu, zilipata mota za induksheni katika treni za namba 300 mwaka 1992.

Hata hivyo, utengano huo wa amri ni kamili wakati sumaku imewekwa katika kiwango kimoja tu. Mota inapotakiwa kukimbia kupita mwendo wake wa kawaida, volti hazitoshi tena, na sumaku sharti ipunguzwe. Hapo zile amri mbili huanza tena kugombana, na tabia ya kuzidishana iliyokuwa imefunikwa hujitokeza.

Shule nne za udhibiti

Wataalamu wa hesabu walishika njia mbalimbali za kulikabili tatizo hilo.

Njia ya kwanza ni kulifuta lile lisilofuata mstari. Kompyuta hupiga hesabu ya kuzidishana huko kote, kisha hutoa volti za kukufuta kabisa, kama mlenga shabaha anayeujua upepo na kuelekeza bunduki yake upande wa pili kwa kiasi kile kile. Kinachobaki ni mashine inayojibu kwa mstari mnyoofu. Udhaifu wake ni kwamba lazima uujue upepo. Rota ikipata joto na ukinzani wake kubadilika, hesabu huwa ya uongo. Kwa hiyo mwaka 1993 Riccardo Marino, Sergei Peresada na Paolo Valigi walitoa njia ya udhibiti unaojifunza, ambao huukadiria ukinzani wa rota na uzito wa mzigo wakati mota ikiwa kazini, na kujisahihisha.

Njia ya pili ilitoka Umoja wa Kisovieti, na jina linalohusishwa nayo sana ni la Vadim Utkin, aliyeieleza kwa ulimwengu mwaka 1977. Huitwa njia ya kuteleza. Huchorwa mstari wa tabia inayotakiwa. Mashine ikitoka kulia husukumwa kushoto, ikitoka kushoto husukumwa kulia, kwa nguvu kamili na bila kuuliza sababu, mpaka iteleze juu ya mstari wenyewe. Njia hii haijali sana kama mota imepata joto au mzigo umebadilika. Ubaya wake ni mtetemo, kwa kuwa kusukumwa huku na huku hakukomi.

Njia ya tatu ilitoka kwa Isao Takahashi na Toshihiko Noguchi wa Japani, waliyoichapisha kwa Kiingereza mwaka 1986, huku Manfred Depenbrock wa Ujerumani akifikia jambo lililo karibu nayo wakati huo huo. Wao waliona kwamba swichi sita za inveta ya kawaida zinaweza kupangwa kwa namna nane tu. Basi udhibiti wao huuliza maswali machache. Sumaku imezidi au imepungua? Nguvu imezidi au imepungua? Uga umeelekea wapi? Kisha huchagua mpango mmoja kati ya hiyo minane, bila kupitia hesabu ndefu. Kampuni ya ABB iliingiza sokoni inveta za njia hiyo mwaka 1995, zenye kuuliza maswali hayo mara 40,000 kwa sekunde.

Njia ya nne ni ya kuhakikisha usalama wa zile nyingine. Mwaka 1892 Aleksandr Lyapunov alitoa tasnifu yake juu ya utulivu wa mwendo. Tia punje ya mhindi ndani ya bakuli. Popote utakapoiachia, itashuka mpaka itulie chini. Lyapunov alifundisha kwamba ukiweza kulijenga kwa hesabu bakuli la namna hiyo kwa ajili ya mashine yako, una hakika kwamba itarudi kwenye utulivu hata kama hukuweza kuufuata kila mwendo wake. Hadi leo, mtaalamu anayebuni udhibiti mpya wa mota huulizwa kwanza kama bakuli lake lipo.

Kilichokuwa ndani ya kisanduku

Sasa turudi kisimani. Ndani ya inveta, umeme wa fezi tatu hubadilishwa kwanza kuwa mkondo mnyoofu, kisha huhifadhiwa katika kapasita kubwa, ndipo transista huukata na kuuunda upya. Umeme wa volti 415 ukigeuzwa hivyo hufikia volti zipatazo 587. Swichi kuu ikizimwa, kapasita hazijui kwamba imezimwa. Hubaki na umeme wake kwa dakika kadhaa, kama bunduki iliyoondolewa magazini ilhali risasi imo chemba. Koplo alizima swichi, lakini hakungoja. Na hakungoja kwa sababu mimi nilimwambia haraka.

Na kwa nini kisanduku kilikataa kazi? Mhandisi aliyeitwa alitupatia jibu kwa muda mfupi. Inveta ile ilikuwa ya kupanda juu ya uga, na siku ilipofungwa iliipima mota ya zamani na kuhifadhi habari zake zote. Mota ilipobadilishwa, hakuna aliyeiambia. Iliendelea kutoa amri kwa mota ambayo haikuwapo tena. Ilidhani uga uko mahali fulani, kumbe uko kwingine. Ampea ilizozituma ziende kuzungusha zilikwenda kujaza chuma sumaku hadi kikomo, zikapanda kupita kiasi, na kisanduku kikajizima ili kisiungue. Hakikuwa kibovu. Mhandisi aliingiza namba zilizoandikwa kwenye kibati cha mota mpya, akaiamuru inveta iipime upya, na maji yakatoka.

Afisa yeyote atalielewa somo hilo bila mwalimu. Huwezi kumwongoza askari usiyemfahamu kwa kutumia faili la askari mwingine.

Faida na mipaka

Isidhaniwe kwamba baada ya ajali ile nakichukia kisanduku. Faida zake ni za kweli. Pampu ya aina yetu ikipunguzwa mwendo hadi asilimia 80, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu asilimia 51, kwa sababu nguvu hufuata mwendo uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Lakini tusidanganyane. Hesabu hiyo hutimia pale maji yanapopambana na msuguano wa mabomba tu. Kama tangi liko juu ya mnara mrefu, mnara haufupiki kwa kuwa umepunguza mwendo, na akiba huwa ndogo zaidi. Ukipunguza mno, maji hayafiki juu kabisa.

Treni za umeme za majirani zetu wa Tanzania, zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ni mfano wa mahali elimu hii inapofika, kwani treni za siku hizi kwa kawaida huvutwa na mota za mkondo geu zinazoongozwa na inveta. Uganda nayo mwaka 2024 ilitia sahihi mkataba wa kujenga reli ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala. Siku itafika ambapo polisi wa reli na askari wa uhandisi watalala jirani na mashine hizi.

Mpaka mmoja sharti utajwe. Inveta nyingi hazina kifaa cha kuupima mwendo wa rota; huukadiria kwa kusikiliza volti na ampea. Mwendo ukikaribia sifuri, sauti hiyo hufifia na makadirio hupotea. Kwa hiyo winchi inayoning'iniza mzigo juu ya vichwa vya watu isiachiwe makadirio peke yake. Iwe na breki ya chuma na kipimo cha mwendo.

Maagizo kwa fundi na kwa mkuu wake

Kwanza, ukizima inveta, subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko chake. Mara nyingi ni kati ya dakika 5 na 15. Kisha pima volti za mkondo mnyoofu kwa mita uliyoihakiki, kabla ya kugusa chochote. Kungoja bila kupima hakutoshi, maana kapasita inaweza kukataa kujimwaga.

Pili, ukibadilisha mota au kuisuka upya, ingiza namba za kibati chake na uiache inveta iipime upya.

Tatu, usipime insulesheni ya mota kwa mega wakati waya wake bado umeungwa kwenye inveta. Utaziua transista.

Nne, mota inayozungushwa polepole kwa muda mrefu hupozwa na feni yake yenyewe, nayo feni hiyo imepungua mwendo pia. Iguse, isikilize, ipe feni nyingine ikibidi.

Tano, na agizo hili ni la wakuu: usimwambie fundi “haraka” mbele ya kisanduku kilichofunguliwa. Mwambie ni saa ngapi maji yanahitajika, kisha mwache aangalie saa yake.

Koplo alirudi kazini baada ya wiki kadhaa. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki vizuri, lakini bado ni fundi, na bisibisi huishika kwa mkono wa kushoto. Kitu cha kwanza alichokifanya aliporudi ni kuning'iniza juu ya kisanduku kibao alichokiandika kwa rangi nyekundu: SUBIRI. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Afande, sote wawili tulikuwa hatujui.”

Ni kweli. Lakini asubuhi ile mwenye mamlaka ya kuuliza kwanza nilikuwa mimi, na sikuuliza.